Ngome ya Pontefract na Watu Walioomba Ivunjwe

Tarehe 5 Aprili 1649, vibarua wenye sururu, nyundo na kamba walipanda kilima cha Pontefract, mji mdogo wa Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, wakaanza kuibomoa ngome iliyosimama pale kwa karibu miaka 600. Hapakuwa na vita tena kati ya mfalme na Bunge. Jeshi la Bunge lilikuwa limekwisha kuiteka na lingeweza kuweka humo kikosi chake bila shida. Waliotaka ivunjwe ni wenyeji. Meya na watu wa mji walikuwa wamepeleka maombi Bungeni: walikuwa wamezingirwa mara tatu katika miaka mitano, biashara imekufa, nyumba zimebomoka, na ngome ile ikiendelea kusimama, siku moja mwingine angeikalia na wao wangezingirwa mara ya nne. Bunge halikusita. Amri ilitoka siku chache tu baada ya ngome kusalimu amri.

Miaka ile ngome nyingi za Uingereza zilivunjwa. Corfe ilivunjwa, na Kenilworth pia. Lakini kwa kawaida amri ilitoka juu, wahandisi wa jeshi wakalipua ukuta mmoja au kupasua mnara ili mahali pasitetewe tena, kisha wakaondoka. Pontefract ilifanyiwa kazi ya kuhakikisha. Ndiyo sababu mgeni anayefika leo akitarajia minara kama ya kwenye filamu hukuta kitako cha mnara mkuu, vipande vya kuta na majani yaliyokatwa vizuri, akajiuliza ngome yenyewe iko wapi. Ili kuelewa chuki ya wenyeji wale inabidi kujua jengo lile lilikuwa limewafanyia nini, wao na watu wengine, tangu siku ya kwanza.

Aliyeijenga ni Ilbert de Lacy, Mnormani aliyevuka bahari pamoja na William Mshindi. Baada ya ushindi wa 1066 watu wa kaskazini walikataa kutawaliwa na wageni. Wakaasi, na majira ya baridi ya 1069 hadi 1070 William akawajibu kwa moto: vijiji vikachomwa, mazao na mifugo vikateketezwa, watu wakafa kwa njaa. Katika ardhi hiyo iliyochomwa ndipo de Lacy alipogawiwa mashamba makubwa, naye akahitaji mahali pa kulala bila kuogopa majirani zake. Alichagua mwamba wa mawe ya mchanga unaotazama barabara kuu ya kwenda Uskoti, karibu na mahali ambapo barabara hiyo huvuka mto Aire. Mwambani palikuwa na makaburi na kanisa la Wasaksoni. Ngome ikapandishwa juu ya makaburi hayo, kwanza ya miti na udongo, baadaye ya mawe.

Anayeshika kilima hicho anaishika barabara, na anayeishika barabara anaamua nani apite kwenda kaskazini na nani arudi. Kwa hiyo kila mfalme aliyekuwa na wasiwasi kuhusu kaskazini aliitazama Pontefract kwa jicho la pekee, na kila kabaila aliyekuwa na wasiwasi kuhusu mfalme aliitazama kwa jicho hilohilo. Katika karne zilizofuata kuta ziliongezeka, minara ikaongezeka, na upande wa magharibi ukajengwa mnara mkuu wa ajabu, usio wa duara wala wa pembe nne. Umbo lake ni la minara mikubwa ya mviringo iliyogandana, kila mmoja ukitokeza nje, na mawe yake yamefunika mwamba kuanzia chini kabisa. Katika miaka ya 1370 John wa Gaunt, mtoto wa mfalme Edward III na mwenye ngome kwa njia ya ndoa, aliuongeza urefu. Karibu mwaka 1640 mfalme Charles I alimwagiza Alexander Keirincx, mchoraji kutoka Antwerp, auchore. Kwenye picha hiyo minara imesongamana juu ya kilima hata unajiuliza waliokaa ndani walipitia wapi. Miaka tisa baadaye mfalme aliyeagiza picha alikuwa amekatwa kichwa, na ngome iliyochorwa ilikuwa vifusi.

Ukoo wa de Lacy ulikwisha mwaka 1311, ukabaki na binti. Mume wa binti huyo alikuwa Thomas wa Lancaster, binamu wa mfalme Edward II na tajiri kuliko kabaila yeyote nchini. Thomas na mfalme hawakupatana kamwe. Mwaka 1312 alikuwa miongoni mwa waliomuua Piers Gaveston, kipenzi cha mfalme, na Edward hakulisahau jambo hilo hata siku moja. Miaka kumi baadaye walikutana vitani. Tarehe 16 Machi 1322, huko Boroughbridge, jeshi la Thomas lilizuiwa darajani, yeye akakamatwa, akarudishwa Pontefract akiwa mfungwa katika nyumba yake mwenyewe. Waandishi wa zama zile wanasimulia kwamba alikuwa amejenga mnara mpya kwa nia ya kumfunga mfalme humo maisha yake yote, na kwamba ndimo alimofungiwa yeye. Huenda ni chumvi ya wasimulizi, lakini mambo yaliyofuata hayahitaji chumvi.

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wake, mfalme akiwapo. Thomas hakuruhusiwa kujitetea. Hukumu ilikuwa kunyongwa na kukatwakatwa, ikapunguzwa kuwa kukatwa kichwa kwa kuwa alikuwa na damu ya kifalme. Tarehe 22 Machi alipandishwa juu ya mnyama dhaifu, akatolewa nje kupitia lango lake, watu wakimrushia mabonge ya theluji njia nzima hadi kilimani nje ya mji. Aliposhuka na kupiga magoti aliamriwa ageukie kaskazini, kuelekea Uskoti, kwa sababu shtaka mojawapo lilikuwa kula njama na Waskoti. Kisha akakatwa kichwa.

Kilichofuata hakikupangwa na mfalme. Wiki chache tu baadaye watu walianza kusema wamepona magonjwa kaburini kwa Thomas, na mahujaji wakaanza kumiminika. Edward akaweka walinzi wenye silaha kuwazuia, bila mafanikio. Baada ya Edward kuondolewa madarakani mwaka 1327 ombi lilipelekwa kwa Papa huko Avignon ili Thomas atangazwe mtakatifu, likakataliwa. Ukweli ni kwamba mtu yule hakuwa na utakatifu wowote. Alikuwa mchoyo, mgomvi na kiongozi hafifu. Ila alimpinga mfalme aliyechukiwa, na kwa watu wa Yorkshire wa siku zile hiyo ilitosha. Kilima alichofia kiliitwa Kilima cha Mtakatifu Thomas.

Kutoka hapo ngome ikapata sifa yake ya pili, ya kuwa mahali ambapo mtu mkubwa huingia akiwa hai na habari zake hutoka zikiwa za msiba. Mfungwa maarufu kuliko wote ni mfalme Richard II. Mwaka 1399 alipinduliwa na binamu yake Henry Bolingbroke, mtoto wa yule John wa Gaunt aliyeurefusha mnara. Henry akawa Henry IV, na swali la kila mpinduzi likabaki mezani: mfalme wa zamani awekwe wapi? Pontefract ilikuwa mali ya ukoo wake, mbali na London, yenye kuta nene na watumishi waliokula chakula chake. Richard akapelekwa huko kimyakimya.

Pengine angeachwa azeeke. Lakini Januari 1400 marafiki zake walijaribu kumuua Henry na kumrudisha Richard madarakani. Njama ikavuja, wakauawa, na pamoja nao ikafa sababu yoyote ya kumwacha Richard apumue. Inakadiriwa alifariki tarehe 14 Februari 1400 au siku za karibu na hapo, akiwa na umri wa miaka 33. Serikali ilisema alikataa kula kwa huzuni baada ya kusikia marafiki zake wamekufa. Wengine walisema alinyimwa chakula. Shakespeare, ambaye tamthilia yake kuhusu Richard imewafundisha watu wengi historia hiyo kuliko vitabu vya historia vyenyewe, anamfanya auawe kwa silaha akipigana kama simba. Jukwaani inapendeza. Kaburi lilipofunguliwa huko Westminster mwaka 1871, fuvu halikuwa na alama ya pigo. Njaa ndiyo jibu linaloelekea kuwa la kweli, na tofauti kati ya kunyimwa chakula na kukikataa aliijua mwenye ufunguo wa chumba.

Henry alihakikisha kila mtu anajua kwamba Richard amekufa. Maiti ilisafirishwa kutoka Pontefract hadi London, uso ukiwa wazi kuanzia paji hadi koo, na ikawekwa katika kanisa la Mtakatifu Paulo ili watu waitazame. Hata hivyo, kwa miaka mingi uvumi uliendelea kwamba Richard yu hai Uskoti.

Wengine niwapitie haraka. Baada ya vita vya Agincourt mwaka 1415, Charles wa Orléans, mwanamfalme wa Ufaransa na mshairi, alikaa Pontefract kwa sehemu ya kifungo chake cha miaka 25. Juni 25, 1483, Richard wa Gloucester, siku moja kabla ya kutwaa taji na kuwa Richard III, aliamuru Earl Rivers, Richard Grey na Thomas Vaughan, jamaa na mlezi wa mfalme mtoto, wakatwe vichwa hapo. Mwaka 1541 Henry VIII alipita na msafara wake mkubwa, akiwa na mkewe wa tano, Catherine Howard. Pontefract ndipo Catherine alipomwajiri Francis Dereham, mpenzi wake wa zamani, kuwa katibu wake, huku akikutana kwa siri na Thomas Culpeper katika vituo vya safari hiyo. Februari 1542 Catherine alikatwa kichwa London. Huwezi kuilaumu ngome kwa hilo.

Jambo moja la zama za Henry lastahili kusimama kidogo, kwa sababu linaonyesha ngome ilivyoweza kumponza hata aliyepewa kuilinda. Oktoba 1536 watu wa kaskazini waliinuka kupinga kufungwa kwa nyumba za watawa, wakiongozwa na mwanasheria aitwaye Robert Aske. Ngome ilikuwa chini ya Lord Darcy, mzee aliyewatumikia wafalme maisha yake yote. Ndani walikuwamo pia Askofu Mkuu wa York na mabwana wengine waliokimbilia usalama. Darcy alimwandikia mfalme akisema hana chakula wala baruti ya kutosha, kisha akaikabidhi ngome kwa Aske bila kupigana, na yeye mwenyewe akala kiapo cha waasi. Je, alilazimika au alipenda? Wanahistoria wanabishana hadi leo. Henry hakubishana. Mwezi Desemba waasi walikutana Pontefract wakaandika madai yao 24, mfalme akaahidi, wakatawanyika, na mwaka uliofuata Darcy akakatwa kichwa London huku Aske akining'inizwa kwa minyororo York.

Basi tuje kwenye miaka iliyowachosha wenyeji. Vita kati ya Charles I na Bunge vilianza 1642. Kaskazini ilikuwa ya mfalme hadi Julai 1644, aliposhindwa vibaya Marston Moor. Baada ya hapo ngome zake zilianguka moja baada ya nyingine, na Pontefract ikabaki kama kisiwa. Siku ya Krismasi 1644 jeshi la Bunge liliingia mjini na kuanza mzingiro wa kwanza. Wenyeji wakajikuta katikati, mizinga ya Bunge ikiwekwa kwenye mitaa yao na mizinga ya mfalme ikiijibu kutoka juu.

Tunayajua maisha ya ndani kwa sababu mmoja wa waliojitolea humo, Nathan Drake, aliandika shajara. Mtu huyu alikuwa na subira ya karani. Kila siku anaandika risasi ngapi za mizinga zimepigwa, nani amekufa, nani ametoka na kurudi. Januari 1645 mnara ulioitwa Piper ulipigwa siku kadhaa mfululizo hadi ukaporomoka, ukiacha pengo ukutani. Waliokuwa ndani waliziba pengo kwa udongo wakaendelea. Machi 1, Sir Marmaduke Langdale alifika na wapanda farasi wa mfalme, akawafukuza wazingiraji. Furaha haikudumu. Wiki tatu baadaye jeshi la Bunge lilirudi, mzingiro wa pili ukaanza, na sasa njaa ikawa silaha kuu. Askari wa ngome walitoka kupora ng'ombe na kuwaswaga hadi ndani ya lango, shughuli ambayo Drake anaieleza kwa furaha kuliko ushindi wowote wa mizinga. Mwezi Juni jeshi la mfalme liliangamizwa Naseby. Hapakuwa tena na jeshi la kuja kuwaokoa. Julai 21, 1645, walikabidhi ngome.

Kama mambo yangeishia hapo, huenda minara ingekuwapo leo. Yaliyoiua ngome ni ya mwaka 1648, na yalianza na vitanda.

Kanali John Morris alikuwa mtu wa huko. Alipigana upande wa mfalme, akahamia Bunge, kisha jeshi la Bunge lilipopangwa upya akakosa cheo, akarudi kwa mfalme moyoni huku akiendelea kumchekea gavana wa ngome, Cotterell. Urafiki ulikuwa mkubwa, Morris akazoea kulala ngomeni kama mgeni wa nyumbani. Vita vipya vilipozuka mwaka 1648 yeye na wenzake walipanga kupanda ukuta usiku kwa ngazi, wakisaidiwa na askari waliyemhonga. Usiku ulipofika, askari wao alikuwa amelewa na hakuwapo zamu. Aliyekuwapo alipiga kelele, ngazi ikaachwa ukutani, na wao wakakimbia gizani bila kutambuliwa.

Cotterell aliposhtuka alichukua hatua ya busara, akaamuru askari wake waliokuwa wakilala mjini wahamie ndani ya ngome. Askari wakihama wanahitaji pa kulala, na ngome haikuwa na vitanda vya kutosha. Gavana akatoa agizo kwa vijiji vya jirani kwamba vitanda viletwe. Tarehe 3 Juni 1648 vikaletwa. Waliobeba walikuwa Morris na watu wake, wamevaa kama wakulima, bastola na majambia chini ya nguo. Daraja likateremshwa, wakaingia na mizigo yao, wakaweka vitanda chini, wakatoa silaha. Baadhi ya walinzi walitumwa kununua pombe ya kuwashukuru wabebaji. Gavana alikutwa chumbani, akapigana kwa upanga hadi akajeruhiwa, kisha yeye na watu wake wakateremshwa katika ghala la chini ya ardhi lililochongwa kwenye mwamba. Ngome imara kuliko karibu zote nchini ilitekwa kwa magodoro.

Mzingiro wa tatu ulianza, nao ulikwenda ovyo. Kamanda wa Bunge, Sir Henry Cholmley, aliubana mji zaidi kuliko ngome. London ikamtuma Kanali Thomas Rainsborough achukue uongozi, Cholmley akakataa kumpisha. Rainsborough akabaki Doncaster akisubiri wakubwa waamue. Mtu huyo hakuwa askari wa kawaida. Mwaka mmoja kabla, katika mijadala ya jeshi huko Putney, alisimama akatetea hoja ambayo matajiri hawakutaka kuisikia: kwamba hata maskini kuliko wote hapaswi kutii serikali ambayo hakupewa nafasi ya kuichagua.

Usiku wa kuamkia Oktoba 29, wapanda farasi 22 walitoroka kutoka ngomeni, wakapita katikati ya wazingiraji hadi Doncaster. Wanne kati yao walipanda hadi chumba cha Rainsborough wakisema wameleta barua kutoka kwa Cromwell, jemadari wa Bunge. Nia yao ilikuwa kumkamata wabadilishane naye na Langdale, aliyekuwa mfungwa wa Bunge. Walipomfikisha barabarani aliona ni wachache, akapigana, akauawa palepale. Langdale, kwa taarifa yako, alikuwa tayari akijitorosha mwenyewe.

Mauaji yale yalimleta Oliver Cromwell. Alipanga Knottingley, maili chache kutoka ngomeni, na barua yake ya Novemba 15 kwenda London ni ripoti bora ya kiufundi tuliyo nayo kuhusu ngome ilivyokuwa kabla ya kuvunjwa. Inasema imekaa juu ya mwamba pande zote kwa hiyo kuchimba chini yake ni kazi ngumu, ina maji ya kutosha, kuta ni nene na ndefu, minara ni imara, na handaki lake ni la kina na mteremko mkali kiasi kwamba hata ukitoboa ukuta hupati pa kupandia. Aliomba mapipa 500 ya baruti na mizinga sita mikubwa, kila mmoja na risasi 300. Aliyekuwa akiyasema hayo ni mtu aliyekwisha kuvunja ngome nyingi.

Lakini barua hiyo inaweza kusomwa kwa namna nyingine. Wiki zilezile jeshi lilikuwa likiandaa kuwafukuza wabunge waliotaka kupatana na mfalme, na kisha kumshtaki mfalme mwenyewe. Fukuza-fukuza ilifanyika Desemba 6. Cromwell aliingia London jioni ya siku hiyohiyo, kazi ikiwa imekwisha, akasema hakuwa na habari lakini amefurahi. Kukaa kwake Pontefract kulimfaa sana. Binafsi siamini kwamba mtu kama yeye alihitaji kusubiri pipa la baruti ili ajue la kufanya.

Alimwachia kazi John Lambert, na ngome ikashikilia majira yote ya baridi. Januari 30, 1649, Charles I alikatwa kichwa. Ndani ya Pontefract walimtangaza mwanawe kuwa mfalme Charles II, wakakata vyombo vya fedha kuwa shilingi zenye pembe nane, wakazipiga chapa ya Kilatini inayosema kwamba baada ya kifo cha baba, wao ni wa mwana. Sarafu hizo sasa ziko katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji wenye pesa nyingi. Zilikuwa za mfalme asiye na nchi, zilizotolewa na watu waliobakiwa na kilima kimoja tu. Hii ndiyo ilikuwa ngome ya mwisho ya mfalme nchini Uingereza.

Machi walikubali kutoka. Lambert aliwasamehe wote isipokuwa sita, akiwamo Morris na wale waliohusishwa na kifo cha Rainsborough, lakini kwa uungwana wa askari akawapa siku chache za kujaribu bahati yao. Morris na Cornet Blackburn walivunja mstari wa wazingiraji kwa farasi, wakafika Lancashire, wakakamatwa, na Agosti wakanyongwa York. Mwingine alifia katika jaribio hilo. Watatu waliobaki, kama alivyosimulia baadaye Thomas Paulden, mmoja wa watetezi wa ngome, walijengewa ukuta wakiwa ndani ya magofu pamoja na chakula, wenzao wakaaga na kuondoka, wazingiraji wakaingia na kushangilia, na usiku mmoja baadaye wakajitoboa wakatoweka.

Hapo ndipo wenyeji waliposema basi. Kanisa lao la All Saints, lililo chini kidogo ya kilima, lilikuwa limetumiwa na pande zote mbili kama kituo cha kupigania na kuachwa bila paa. Hadi leo sehemu yake kubwa ni gofu, na ibada hufanyika ndani ya sehemu ndogo iliyojengwa upya. Kazi ya kubomoa ilichukua kama wiki kumi. Kwanza waliondoa vyenye thamani sokoni, yaani madini ya risasi ya mapaa, mbao na vyuma, vikauzwa. Kisha mawe. Hakuna kilichopotea bure: mawe ya mfalme yaliingia katika kuta za nyumba za watu wa kawaida. Uharibifu wa aina hii huwasikitisha wahifadhi wa majengo, nami naelewa. Lakini waliokuwa wakiishi chini ya kuta zile walikuwa na haki ya kupendelea paa zao kuliko historia ya makabaila.

Kisha wakalima. Udongo wa Pontefract ni wa kina kirefu na laini, na unakubali likorisi, mmea ambao mizizi yake mitamu huenda chini sana na huchemshwa kuwa dawa ya kikohozi na tumbo. Uwanja wa ndani wa ngome ukawa shamba la likorisi, na lile ghala la chini ya ardhi ambamo gavana Cotterell alifungwa likawa stoo ya mizizi. Mwaka 1760 mwuza dawa wa mjini aitwaye George Dunhill alichanganya dawa hiyo na sukari, ikawa peremende nyeusi ya duara, na juu ya kila moja ukapigwa muhuri wenye picha ya ngome. Viwanda vikaota. Wanawake walikaa mezani wakigonga mihuri kwa mkono, maelfu kwa siku moja kwa kila mmoja. Kilimo chenyewe kilikufa katika karne ya 20, mizizi ya kuagiza nje ikiwa rahisi, lakini peremende bado zinatengenezwa mjini, sehemu yake na kampuni ya Kijerumani ya Haribo.

Muhuri huo ulifanya kazi moja zaidi. Tarehe 15 Agosti 1872 Pontefract ilifanya uchaguzi mdogo wa ubunge, wa kwanza Uingereza kupigwa kwa kura ya siri baada ya sheria mpya kupita mwaka huohuo. Kabla ya hapo mtu alitangaza chaguo lake mbele ya watu, mwenye nyumba wake na mwajiri wake wakisikiliza. Sanduku la kura lilipofungwa kwa nta, muhuri uliopatikana karibu ni ule wa kiwanda cha peremende, kwa hiyo picha ya ngome ikagandamizwa juu ya kura za siri za kwanza za nchi. Sanduku lipo katika makumbusho ya mji, na nta bado inaonekana. Si maskini wote walioruhusiwa kupiga kura, wala mwanamke hata mmoja, kwa hiyo hoja ya Rainsborough ilikuwa bado haijatimia. Ila ilikuwa imekaribia mahali ambapo watu wa ngome ile walimwulia.

Mwishoni mwa karne ya 19 kilima kiligeuzwa bustani ya umma. Ardhi ni mali ya Duchy ya Lancaster, yaani ya mfalme wa Uingereza, ila Halmashauri ya Wakefield ndiyo inayoitunza. Kilichobaki kinahitaji macho yenye subira: kitako cha mnara mkuu, na duara zake kubwa zikiwa zimekatika kwa urefu usiolingana; misingi ya kanisa dogo la Mtakatifu Clement; matanuri ya kuokea mikate, ambayo matao yake bado yanaonekana; na vipande vya ukuta wa nje vinavyoonyesha ulivyokuwa mnene.

Sehemu iliyosalimika kuliko zote ni ile ambayo hakuna sururu iliyoifikia, ghala la chini. Unashuka ngazi iliyochongwa katika mwamba, ndefu na yenye giza, hadi kwenye vyumba vya baridi. Kuta zimejaa majina. Wafungwa wa 1648 walikaa humo bila mwanga wa kutosha, wakachonga majina yao kwa chochote chenye ncha, herufi nyingine zimenyooka kama za mwandishi, nyingine zimepinda, na chini yake mwaka 1648. Hawa ni askari wa Bunge, vijana wa vijijini wasioandikwa popote pengine. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote pale kilimani, kuliko hata kitako cha mnara mkuu.

Kiingilio cha uwanjani hakuna. Ghala hufunguliwa kwa ziara za mwongozo tu, kwa hiyo ukipanga safari ulizia mapema, na ukifika kwa treni shukia kituo cha Monkhill, kilicho karibu zaidi na ngome.